Baiskeli ya Dukani, Baiskeli ya Fundi

Ufundi niliupata kwa ami yangu, Ngamiani, Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwepo, na tairi la baiskeli ulilipata kwa kibali au kwa magendo. Mji wetu ni tambarare na watu wake ni wa baiskeli tangu zamani, hivyo kazi haikukosekana. Kilichokosekana ni vipuri. Ami alinifundisha kushona tairi kwa uzi wa nailoni, kuchonga kota pini kutoka kipande cha nondo, na kusafisha gololi kuukuu ili zirudi kwenye habu. Raleigh za Uingereza, Phoenix za China, Swala za kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam, zote zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Ilikuja na krenki ya Raleigh, ikaondoka na ya Swala. Mwenyewe hakulalamika, mradi inatembea.

Umeme nao nilianza kuujua hapo, kwenye dainamo, kile kichupa kinachosugua tairi na kuwasha taa ya mbele. Ami alipenda kuniambia nikandamize pedeli kwa mkono, kwanza dainamo ikiwa imeachia, kisha ikiwa imegusa tairi, nisikie uzito unavyoongezeka. "Taa haiwaki bure," alisema, "mguu ndio unaolipa." Miaka mingi baadaye, nilipofungua mota ya baiskeli kwa mara ya kwanza, nilikuta ndani vitu vilevile, sumaku na nyaya za shaba. Safari hii betri ndiyo iliyolipa, mguu ukapumzika.

Baiskeli ya umeme ya kwanza kuingia kibandani kwangu haikuwa mpya. Biashara ilipofunguliwa enzi za Rais Mwinyi, mitumba ilianza kumiminika, na baadaye makontena ya baiskeli kutoka Japani yakawa jambo la kawaida. Nilikuwa nimeshahamia Makorora, kwenye kibanda changu mwenyewe. Katikati ya zile baiskeli za kina mama wa Kijapani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama, zilijitokeza chache nzito ajabu, zenye uvimbe chini ya krenki na mahali pa betri nyuma ya bomba la kiti. Yamaha walianza kuuza baiskeli za namna hiyo mwaka 1993. Mota yake haikusukumi ukiwa umekaa tu. Inapima nguvu ya mguu wako na kuongeza yake juu, na kwa sheria ya Japani msaada huo unapungua kadiri unavyokwenda kasi, hadi unakatika kabisa kwenye kilomita 24 kwa saa.

Zilikuwa kazi nzuri ya kiwanda, na hapa kwetu hazikufaa kitu. Betri zilikuwa zimekufa au hazikuja kabisa. Chaja ziliandikwa volti 100, kwa sababu huo ndio umeme wa majumbani Japani, na aliyechomeka moja kwenye soketi yetu ya volti 230 aliona moshi kabla hajaona taa. Wateja waliniambia nitoe mota wabaki na baiskeli. Nilizitoa, lakini nilizihifadhi chini ya meza, na jioni nikawa nazifungua.

Mwaka 2018 mpwa wangu mwenye duka la vipuri Kariakoo aliniletea boksi. Ndani mlikuwa na gurudumu la nyuma lenye mota ya volti 48 na wati 500, kontrola, mkono wa resi, skrini ndogo, na mikono miwili ya breki yenye swichi ya kukata umeme unapoibana. Betri haikuwemo. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, kwa hiyo hata uwe na ndugu Dubai hawezi kukubebea kwenye begi.

Aliyekubali kuwa wa kwanza ni muuza samaki. Alfajiri alinunua mnadani Deep Sea, kisha akachuuza njia nzima hadi Pongwe, tenga limefungwa juu ya karia aliyoiongezea nondo. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix ya inchi 28 yenye breki za vyuma, na hapo ndipo nilipojua kwamba kujenga si kufunga nati.

Breki za vyuma hazibani ringi ubavuni kama zile za waya. Zinavutwa kwenda juu na kusugua tumbo la ndani la ringi, upande wa spoku. Ringi iliyokuja na mota ilikuwa na umbo jingine, na sehemu inapokaa tairi ilikuwa na kipenyo cha milimita 622 badala ya 635 za ringi ya zamani, kwa hiyo breki za nyuma zikawa zinabana hewa. Nikawaza kuhamishia mota kwenye ringi ya zamani. Mota ilikuwa na matundu 36, na ringi hizi za mtindo wa Kiingereza huwa na matundu 32 mbele na 40 nyuma. Nikabaki na ringi mpya, na jirani yangu anayechomelea mageti akaunga kishikio cha breki ya diski kwenye fremu.

Likaja suala la upana. Ekseli ya mota inataka milimita 135 kati ya masikio ya nyuma ya fremu, na Phoenix haina nafasi hiyo. Fremu ya chuma ina huruma. Niliingiza nondo yenye nyuzi na nati mbili katikati ya masikio, nikayatanua robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku nikipima kwa uzi uliovutwa kutoka shingo ya usukani hadi nyuma, ili upande mmoja usitanuke kuliko mwenzake. Fremu ya alumini ungeifanyia hivyo ingepasuka. Kisha nikakata bamba nene la chuma la kuishika ekseli. Mota inapozungusha gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inasukumwa izunguke kinyume. Isiposhikwa inayatafuna masikio, inajisokota na nyaya zake, na gurudumu linachomoka.

Mwisho ni maji ya samaki. Barafu ikiyeyuka kwenye tenga, maji yenye chumvi hutiririka juu ya kila kilicho chini. Kontrola niliiweka mbele, nyuma ya bomba la usukani. Soketi zote nilizijaza grisi, na kila waya niliuacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye boksi, ili tone lidondokee chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Hakuna kiwanda kilichowahi kumfikiria mtu huyu na tenga lake. Kwa hiyo mtu akiniuliza faida ya kujenga ni nini, huanzia hapo. Bei nafuu huja baadaye, tena si mara zote.

Betri ndiyo iliyonifundisha mpaka wa kazi yangu. Tulianza na zile za risasi, nne za volti 12 na ampea-saa 12, kila moja karibu kilo nne. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni wati-saa 576, lakini betri ya risasi ukiikausha kila siku inakufa mapema, kwa hiyo busara ni kuhesabu nusu tu. Muuza samaki akawa anabeba kilo 16 za betri na kuacha samaki mnadani. Alipodunduliza akaagiza ya lithiamu kwa meli, volti 48 na ampea-saa 13, yaani wati-saa 624, uzito kilo nne na kitu. Ukiwa na mzigo na kutegemea resi zaidi ya miguu, kilomita moja hula kama wati-saa 20, hivyo alipata kilomita 30 hivi. Kuijaza hakumalizi uniti moja ya LUKU.

Bei ya betri ile ilizidi vitu vingine vyote vikijumlishwa, na kijana wangu wa kazi akaja na suluhisho lake. Alileta mfuko wa seli ndogo alizozitoa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa. Hesabu aliijua vizuri. Seli 13 kwa mfululizo, kila moja ikijaa inafika volti 4.2, jumla 54.6, halafu unaweka mafungu sambamba hadi upate ampea-saa unazotaka, na ubao wa ulinzi wa kusimamia zote. Nilimkatalia. Seli zilizotumiwa na watu tofauti hazina umri mmoja. Iliyochoka hujaa kabla ya wenzake na kukauka kabla yao, na siku ubao wa ulinzi ukishindwa, hiyo ndiyo inayochemka na kuwasha jirani zake. Na nyumba zetu za Ngamiani ni ukumbi mmoja na vyumba huku na huku. Betri huchajiwa usiku, karibu na mlango, watoto wamelala ndani.

"Mwanangu," nilimwambia, "spoku ikikatika mteja atatembea kwa miguu. Hii ikiharibika hatatembea mtu."

Tangu siku ile kibanda changu kina kanuni moja. Gurudumu, fremu, breki na nyaya tunajenga. Betri inanunuliwa nzima, yenye ubao wake na kasha lake, na ikiwezekana iwe ya lithiamu chuma fosfati. Hiyo ni nzito kidogo, lakini inastahimili joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi.

Upande wa pili wa swali, yaani kununua iliyo tayari badala ya kujenga, alinifundisha mkunga mstaafu wa Chumbageni. Watoto wake walimnunulia baiskeli ya umeme ya kukunja, mpya kabisa. Niliikagua kwa wivu wa kikazi. Nyaya zote zimepita ndani ya bomba, soketi zina mpira wa kuzuia maji, breki zinalingana na uzito, taa inachota umeme kwenye betri ileile. Ulikuwa ufungaji ambao kwa mkono wangu ungechukua wiki, na bado nisingeufikia. Alienda nayo sokoni na msikitini, hakuna mwenye raha kama yeye. Halafu siku moja skrini ikaonyesha namba ya hitilafu na mota ikanyamaza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeambiwa kwako hakishindikani kitu."

Kilishindikana. Kontrola na skrini za baiskeli ile zilikuwa zinatambuana zenyewe kwa zenyewe. Ukiweka skrini nyingine zinakataa, na aliyeiuza hakuwa na skrini ya akiba. Baiskeli ikakaa kwangu hadi ikashika vumbi. Hatimaye, kwa ruhusa yake, nilitoa kontrola na skrini, nikaweka za kawaida ambazo soketi zake zinajulikana na kila duka la vipuri linazo. Ikatembea. Alipokuja kuichukua aliniuliza kama sasa ni ya dukani au ni ya fundi. Nilicheka, maana ami asingelielewa hata swali lenyewe.

Binti yangu, aliyesomea umeme VETA, anaona tunapoteza muda. Ananitajia Opibus ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 kwa kubadilisha magari ya watalii yawe ya umeme, kisha ikageukia kuunda pikipiki zake, na mwaka 2022 ikajiita Roam. "Baba, waliokuwa wanabadilisha sasa wanaunda. Sisi tuagize zilizo tayari, tuuze." Namjibu kwamba wale wanaunda kwa ajili ya bodaboda, na mahitaji ya bodaboda yanafanana kutoka Nairobi hadi Kigali: abiria mmoja, safari nyingi, betri ya kubadilisha kituoni. Kitu cha kiwandani kinamfaa mtu ambaye haja yake inafanana na ya maelfu wengine. Wateja wetu ni muuza samaki, mchoma mahindi, na mtu wa guta anayesomba maji.

Hata hivyo tulielewana nusu njia: yeye anaagiza zilizo tayari, mimi naendelea kujenga, na sasa anayekuja na swali la kununua au kujenga anakutana na maswali yetu kwanza. Unabeba nini? Barabara ni ya lami au ya mchanga? Betri italala wapi usiku? Na ikigoma, nani ataifungua? Mwalimu anayetoka nyumbani hadi shuleni na begi lake tunamshauri anunue iliyo tayari, ila achague yenye kontrola na soketi za kawaida, hata kama haina skrini ya kupendeza. Anayebeba mzigo tunamwambia aje na fremu yake ya chuma. Na asiye na fundi wa baiskeli za umeme karibu, awe wa Handeni au wa Pangani, tunamwambia asinunue chochote ambacho fundi wa pikipiki wa kijijini kwao hawezi kukipima kwa mita.

Wateja hushangaa wanaponiona jioni. Mimi mwenyewe napanda ya dukani. Binti yangu aliiagiza kwenye boksi la kwanza aliloleta, na nikaichukua kabla haijapata mnunuzi. Wengine hunitania kwamba mganga hajigangi. Lakini yale maswali nilijiuliza na mimi. Njia yangu ni lami tupu, sibebi tenga, betri naichaji mchana kibandani juu ya sakafu ya saruji, na ikigoma fundi wake namjua. Tena mchana kutwa nimeinama juu ya baiskeli za watu. Ningeamua kujijengea ya kwangu, hadi leo ingekuwa bado imelala chini ya meza pamoja na zile mota za Kijapani.