Mbwa wa Bwana Stoo

Ngamiani ya mwaka 1983 haikuwa mtaa wa mbwa. Katika zile barabara za Tanga mjini zilizopewa namba badala ya majina, nyumba nyingi zilikuwa za Waislamu, na mbwa aliyepita mchana alirushiwa mawe hata na mtoto asiyejua kwa nini anamrushia. Kwa hiyo jirani yetu wa nyuma ya ua alipoleta mbwa, habari ilifika msikitini kabla ya adhana ya magharibi.

Jirani huyo tulimwita Bwana Stoo, kwa kuwa alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge nje ya mji. Hakuwa mtu mbaya. Alilipa madeni yake dukani, alichanga kwenye misiba, na mtoto akimwamkia aliitika marahaba kwa sauti iliyojaa. Lakini mwaka uliotangulia wezi walimwingilia usiku, wakaondoka na baiskeli, redio na blanketi alilokuwa amejifunika mwanawe. Aliyeishi miaka ile anajua maana ya hasara hiyo. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979 na kuacha nchi imechoka. Sabuni na sukari tulipanga foleni, tulikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na Waziri Mkuu Edward Sokoine ndiyo kwanza alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi. Baiskeli ikiibwa haikurudi, na hata ungekuwa na pesa, ya kununua hukuiona.

Kumfanya mbwa awe mkali kulikuwa na kanuni zake, na Bwana Stoo alizifuata. Alimkata masikio angali mdogo, akampaka majivu. Mchana kutwa alimfungia kwenye banda la mabati lisilo na tundu, ili akifunguliwa usiku achukie kila anachokiona. Pumba zake zilitiwa pilipili. Watu walisema pia alilishwa manyigu, maana iliaminika kwamba ukali wa nyigu humwingia mbwa anayemla. Hilo sikulishuhudia. Nililolishuhudia, kwa kuchungulia kwenye pengo la ua wa makuti, ni fenibelti. Ilitundikwa kwenye msumari mlangoni pa banda, nyeusi, imekatwa ikawa kipande kimoja kirefu. Mbwa aliposikia tu inatolewa msumarini, alijikojolea pale pale alipolala. Shingoni alifungwa waya, si mkanda, na waya ule ulikuwa umekula manyoya mpaka ukafika kwenye nyama. Kidonda kilimzunguka shingo nzima, na nzi hawakubanduka.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengi walisema mbwa ni wake, ya watu mwachie mwenyewe. Kijana mmoja, utingo wa lori, yeye hakuvumilia. Jioni moja alipanda juu ya ndoo, akatoa kichwa juu ya ua na kumpigia Bwana Stoo kelele mtaa mzima ukisikia, kwamba hana utu, kwamba yeye ndiye anayestahili mnyororo. Tulimshangilia. Usiku ule mbwa alipigwa kuliko siku zote, tena mlango wa banda ukiwa wazi ili tusikie. Bwana Stoo alikuwa anamjibu utingo, na mgongo uliopokea jibu ulikuwa wa mbwa.

Shauri likapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ilikuwepo tangu enzi za mkoloni, lakini mwaka ule polisi walikuwa wanahangaika na magunia ya sukari yaliyofichwa, na mtu ambaye angekwenda kituoni kwa habari za mbwa angechekwa mpaka getini. Balozi akaenda mwenyewe kuzungumza, akarudi mikono nyuma. Aliambiwa kwa adabu zote kwamba ua ni wa mwenye ua.

Chuoni nako habari zilifika. Maalim akatusimulia kisa kinachojulikana katika Hadithi za Mtume, cha msafiri aliyeshuka kisimani kunywa, akatoka akakuta mbwa anaramba mchanga kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Mwenzetu mmoja akauliza kama Bwana Stoo anakijua kisa hicho. Maalim akasema anakijua, walisoma chuo kimoja.

Nadhani Bibi yangu ndiye pekee aliyelitia maanani jibu lile nilipomsimulia. Mtu anayejua na bado anafanya, kumwambia tena kunaongeza nini? Wiki ile ile akaanza kumpelekea Bwana Stoo sahani. Mihogo ya nazi, siku nyingine samaki wa kupaka, juu kafunika kawa. Sahani ilirudi na machungwa ya Muheza. Bibi akawa anapiga hodi, anakaa kwenye mkeka, wanazungumza. Nilikuwa nafuatana naye nikingojea aseme. Hakutaja mbwa hata siku moja. Alimuuliza habari za wezi: waliingilia wapi, walivunja nini, usiku huo watoto walilala wapi. Nami nilisikia mtu mzima mwenye sauti nene akieleza jinsi anavyoamka kila usiku kushika komeo.

Nikamuuliza Bibi njiani, mbona humwambii? Akanijibu, "Anayeogopa humgombezi. Atafute kwanza pa kuegemea."

Wezi wakarudi, miezi kadhaa baadaye. Walichukua pasi ya mkaa, masufuria na viatu vya kazini. Mbwa hakubweka. Asubuhi mlangoni pa banda tulikuta vichwa vya ng'onda vimetafunwa, na mbwa kajilaza pembeni, tumbo limemjaa, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Bwana Stoo alitoka na panga. Watu walikwisha kujaa uani, na utingo alikuwa amepanda ndoo yake. Bibi akapiga hodi kama kawaida, akasubiri akaribishwe, akapokea shikamoo yake, akatoa pole. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umemlaza na njaa, mwizi kaja na kitoweo. Ungekuwa wewe, baba, ungembwekea nani?"

Utingo ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wengine, na mwishowe Bwana Stoo mwenyewe, bila kupenda, akaketi juu ya kinu na panga lake magotini. Bibi hakumpa nafasi ya kuona haya. Papo hapo akamwomba fadhila: mabaki ya samaki na ukoko wa kwake havina mlaji, je, angeruhusiwa kumlisha mbwa asubuhi na jioni, ili mwizi akija tena na vichwa vyake vya ng'onda amkute kashiba? Bwana Stoo angekataaje? Ilikuwa faida yake.

Mimi ndiye niliyebeba kopo. Masharti yalikuwa wazi: kopo la mbwa linalala chini ya mwembe, haliingii ndani, na akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo wangu niliuweka tayari kwenye kifuu. Siku za mwanzo mbwa alikuwa anangoja nigeuke ndipo ale. Baadaye alikula nikiwa nimesimama.

Waya wa shingoni uliondolewa na bwana mifugo alipopita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Bibi alikuwa amemwomba apitie pale. Bwana mifugo alimwambia Bwana Stoo jambo moja tu: mbwa mwenye maumivu huuma aliye karibu, na walio karibu na huyu ni watoto wako. Hospitalini wakati ule aliyeng'atwa alichomwa sindano nyingi za tumboni, siku baada ya siku, na hapakuwa na mzazi asiyezijua. Bwana Stoo akavua mkanda wa suruali yake, akatoboa tundu kwa msumari, akamfunga mbwa nao. Siku chache baadaye fenibelti haikuwapo tena pale ilipokuwa inaning'inia. Hakuna aliyeuliza.

Sitasema alimpenda mbwa. Sikumwona akimshika kichwa hata mara moja. Ila aliacha kumpiga, akampa mnyororo mrefu, akamtobolea banda dirisha. Na mbwa akawa mlinzi wa kweli, wa kwao na wa kwetu, maana alikuwa na kitu cha kulinda.

Siku hizi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amlishe, amtibu na asimtese. Ni jambo jema, na wapo watu ambao hakuna sahani ya mihogo itakayowabadilisha. Anayemtesa mnyama kwa raha zake, mpeleke kwa mtendaji wa mtaa, kwa daktari wa mifugo, na polisi ikibidi, wala usisubiri miezi kama tulivyosubiri sisi. Mbwa yule aliilipa ile miezi kwa ngozi yake, na ubembelezi wa Bibi haukuweza kuirudisha. Lakini wengi ninaowasikia nyuma ya kuta zenye maandishi ya "Mbwa Mkali" ni akina Bwana Stoo: wameibiwa, wanaogopa, na wameikabidhi hofu yao kwa mnyama. Ukimpigia kelele mtu wa namna hiyo, au ukimpiga picha ya simu na kuisambaza, ujue usiku atamjibu nani.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, stendi ya Korogwe, ameshastaafu na ndevu zimekuwa nyeupe. Tukakumbushana mtaa. Nilipomtaja mbwa, akanieleza kwa fahari jinsi alivyogundua mwenyewe kwamba mbwa halindi akiwa na njaa, na jinsi alivyoanza kumlisha vizuri. Bibi hakumtaja kabisa. Sikumsahihisha, maana Bibi asingetaka nimsahihishe.