Shukrani kwa Watu wa Itsandra



Ndugu wasomaji, dini yetu imefungamanisha kumshukuru Muumba na kuwashukuru waja Wake. Kwa hiyo naomba nafasi katika kurasa hizi niwashukuru watu wa Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija, ambao mwaka jana, mara baada ya Idd el Fitri, walinipokea na kunikalisha kwao kwa muda wa miezi mitatu nilipokwenda kujitolea kusomesha vijana wao Kiingereza. Mwishoni mwa makala haya nina ombi pia kwa kila nyumba inayosoma jarida hili.

Kutoka Dar es Salaam hadi Ngazija ni safari fupi ya ndege. Uwanja uko Hahaya, na barabara ya kwenda kusini hufuata pwani, bahari upande mmja na mawe meusi upande wa pili. Kisiwa chote kimezaliwa na volkano, na mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ungali hai. Itsandra iko juu kidogo ya Moroni, mji mkuu: mji mkongwe wenye ngome ya mawe, vichochoro vyembamba na pwani ya mchanga mweupe ambayo ni adimu katika kisiwa kile cheusi. Mtu aliyekulia Unguja, Mombasa au Lamu hajioni mgeni pale. Adhana ni ile ile, baraza ni zile zile ingawa wao uwanja wa mazungumzo wauita bangwe, na mkate wa sinia unaoletwa na chai ni ule ule wa mama zetu.

Lugha nayo ni dada wa Kiswahili, lakini ni dada mwenye mambo yake. Mwenyeji wangu alinitahadharisha tangu usiku wa kwanza nisijitambulishe kuwa ni mwalimu, kwa sababu kwao mwalimu ni mtu wa kupiga falaki na kutazama nyota. Anayesomesha huitwa fundi. Basi nami, niliyefundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, nikawa fundi uzeeni. Nililipenda jina hilo, maana lina jasho ndani yake. Neno jingine lililonigusa ni marahaba. Kwetu hilo ni jibu la mkubwa kwa mdogo aliyemwamkia. Kwao ndiyo ahsante. Kila jioni darasa likiisha, vijana arubaini walipita mlangoni mmoja mmoja wakisema, "Marahaba, fundi," na masikio yangu ya Kiunguja yakasikia kama kwamba wao ndio wakubwa, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaamkia.

Nianze shukrani zangu kwa wenyeji. Katika Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na jamaa zake, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Kwa hiyo aliyenikaribisha kwa haki yake alikuwa bibi mwenye nyumba, mjane wa makamo yangu, na wajukuu zake walioniita bakoko, yaani babu. Mwenye kutaka kuupima ukarimu wa nyumba ile asihesabu sahani. Na ahesabu maji. Kisiwa kile hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, kwa kuwa mvua hunywewa na mawe ya volkano mara inyeshapo. Nyumba nyingi hutegemea birika la kukusanyia maji ya paa. Mvua za masika zilipokwisha na birika likaanza kushuka, watu wa nyumba walipunguza matumizi yao kimyakimya. Ndoo yangu ya kuogea na ya kutawadhia haikupungua hata siku moja. Nilipotaka kulizungumza jambo hilo, bibi alinijibu kwamba maji ya mgeni huja na mgeni, kisha akaendelea kupeta mchele wake.

Na sasa nije kwa wanafunzi. Masomo ya sekondari kule husomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza ni somo kama masomo mengine. Lakini vijana wanakitaka sana, kwa sababu wanautazama ulimwengu unaowazunguka, kuanzia Dar es Salaam hadi nchi za Ghuba, wanaona milango ambayo kwa Kifaransa peke yake haifunguki. Tulikutana baada ya sala ya alasiri. Vitabu vilikuwa kumi na mbili, wanafunzi arubaini. Wakakaa watatu watatu, na waliobaki wakanakili ubaoni.

Miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja hodari sana, ambaye siku moja kiti chake kilikuwa kitupu. Wenzake waliinamisha vichwa. Nikaja kuambiwa kwamba amekwenda Nzwani kutafuta kwasa, yaani mashua ndogo za mashine zinazovusha watu usiku kwenda Maore. Kisiwa hicho kilibakia chini ya Ufaransa wakati visiwa vingine vitatu vilipojitawala mwaka 1975. Tangu mwaka 1995 Mngazija haruhusiwi kuingia huko bila ya viza, na bahari iliyo baina ya Nzwani na Maore, ambayo wazee waliivuka kwenda kuoa na kuzika, imekuwa makaburi ya watu wengi. Usiku zile nilisali nikimtaja kwa jina.

Baada ya wiki tatu alirudi. Alikamatwa Maore, akarejeshwa Nzwani kwa meli, na kutoka hapo akaomba nauli ya kurudi kwao. Aliingia darasani bila ya kusema neno, akakaa mahali pake. Ndipo msichana wa mstari wa mbele alipoinuka akamwekea daftari mezani. Ndani yake mlikuwa na masomo yote ya wiki tatu, yameandikwa kwa hati za watu tofauti, kila mmoja siku yake. Hakuna aliyewaamuru, wala mimi sikuwa na habari. Nimesoma chuo kikuu, nimehudhuria semina nyingi za ualimu, na sijapata kuona somo bora kuliko lile daftari.

Ndugu zangu, wengine wataniambia nimefanya hisani. Nawaomba tuitazame hesabu vizuri. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Itsandra hiyo hiyo mwaka 1861, mtoto wa baba aliyetoka Hadhramaut. Akaja Unguja, akasomesha na kuhukumu hadi alipofariki mwaka 1925. Habib Swaleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha wa Lamu na kuwafungulia darsa hata watu ambao jamii ya siku zile iliwaweka kando, alitoka Singani, mji wa Ngazija ulioharibiwa na lava ya Karthala mwaka 1977. Wangapi kati yetu walisomeshwa Qur'ani na mtu aliyesomeshwa na mwanafunzi wa mabwana hawa? Ngazija imetulipia ada zamani. Miezi yangu mitatu ni sarafu moja katika deni kubwa.

Basi ombi langu ni hili. Kila nyumba itoe kitabu kimoja cha Kiingereza chepesi, au kamusi, ambacho watoto wamekwisha kukitumia, na kila mtoto aliyefika umri wa kuandika aandike barua moja kwa kijana wa Itsandra, kwa Kiingereza rahisi, akimweleza shule yake na siku yake ilivyo. Vitabu vitafundisha lugha, na barua zitamwambia kijana yule kwamba ana ndugu ng'ambo wanaomjua hata kabla hajapanda mashua. Watoto wetu nao watajifunza kwamba wana jamaa katika kisiwa ambacho katika ramani hawakioni.

Kwa bibi mwenye nyumba, kwa wazee wa bangwe, na kwa wanafunzi wangu arubaini, wote bila ya kumbakisha mtu, nasema kwa lugha yao: marahaba. Mwenyezi Mungu awajaze mabirika yao, awahifadhi vijana wao na bahari, na awalipe kwa wema wao yale ambayo sisi hatuwezi kuyalipa. Amin.