Kalibu, Gamba na Kiini: Tafakuri Juu ya Neno Risasi

Aghalabu lugha huwa na kumbukumbu ndefu kuliko wazungumzaji wake. Neno risasi ni ushahidi tosha. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni madini: yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yanayoyeyuka upesi motoni. Waswahili wa pwani walipoona kwamba kinachotoka katika mtutu wa gobori ni kipande cha madini hayo, hawakuhangaika kukitafutia jina jingine. Madini yakawa risasi, na kinachoua kikawa risasi. Hata leo neno hilo moja linabeba maana zote mbili.

Suala hili lilinijia kwa uzito katika darasa la tafsiri. Tulipewa matini ya Kiingereza yaliyowahusu Wamarekani wanaojiundia, katika vibanda vya nyumbani mwao, vyombo vya chuma vya kufinyangia vifuniko vya shaba ambavyo risasi huvishwa. Mwenzetu mmoja alitamka kwamba matini hayo hayatafsiriki, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na wala si ya karakana. Sikukubaliana naye. Nilihisi kwamba iwapo tungeyarudisha matini yale bila kuyatafsiri, tungekuwa tumetia sahihi hukumu ambayo lugha yetu haikustahili.

Nilianza na chombo chenyewe. Kiingereza hukiita kwa neno ambalo kwa maandishi na matamshi halitofautiani na kitenzi chao cha kufa, ingawa asili za maneno hayo ni mbalimbali: jina la chombo lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya dadu. Sisi tuna neno kalibu. Sonara mmoja mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeniruhusu kuketi karakanani mwake siku nzima, alilitumia bila kusita. Alinifafanulia kwamba mtu husubu anapoyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu, na hufua anapoyapiga kwa nyundo. Nilipomweleza kwamba Wamarekani wale hawamimini wala hawapigi, bali huisukuma shaba ikiwa baridi ndani ya chuma kigumu hadi itii umbo, alicheka akasema, "Basi mwanangu, hao wanashindilia." Nilistaajabu. Kushindilia ndicho kitenzi walichokitumia wazee kwa kujaza baruti na risasi katika gobori.

Ajabu zaidi ni nasaba ya neno kalibu. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kiarabu qalib, ambalo lilisafiri kwa njia mbili. Kwa upande mmoja lilivuka Bahari ya Hindi likatufikia. Kwa upande mwingine lilivuka Bahari ya Kati, likapita kwa Waitalia na Wafaransa, na huko likawa jina la kipimo cha upana wa mtutu wa bunduki. Tunaposema leo kwamba fulani ni mwandishi wa kaliba ya juu, tunalitaja bila kujua chuma lile lile linaloipa risasi umbo lake. Lugha yenye ukoo huu yawezaje kuambiwa kwamba karakana si mahali pake?

Kazi ya pili ilikuwa kukipa jina kile kifuniko. Historia yake inafahamika. Mnamo mwaka 1882 Mswisi Eduard Rubin alibuni risasi iliyofunikwa kwa shaba. Haja yake ilidhihirika zaidi ilipopatikana baruti isiyotoa moshi, ambayo Wafaransa waliitumia katika bunduki yao ya mwaka 1886. Kasi iliongezeka mno, na madini laini ya risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, hayakuweza kuhimili msuguano na joto la mtutu. Shaba, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 1085, iliweza.

Wenzangu walipendekeza koti, ala na ganda. Koti huvuliwa. Ala hubaki nyuma upanga unapochomolewa. Ganda nalo lina kazi nyingine: magazeti yetu yanapotaja maganda ya risasi, humaanisha yale yanayobaki chini baada ya bunduki kufyatuliwa. Mimi nilichagua gamba, kama gamba la kobe, ambalo huenda na mwenyewe kila aendako hadi mwisho wake.

Hapa sina budi kusema kwa nini tofauti ya ganda na gamba si ya kitaaluma tu kwangu. Nimelelewa katika sehemu ya Bonde la Ufa ambako wizi wa mifugo huandamana na milio ya bunduki. Tulipokuwa watoto tuliyaokota maganda asubuhi, tukayapuliza kama filimbi, na aliyekuwa na mengi alihesabiwa tajiri. Hakuna aliyetuambia, lakini tulielewa: ganda ni kile kilichobaki. Risasi yenyewe, gamba lake na kiini chake, ilikuwa imekwenda na mtu.

Kwa hiyo niliposoma habari za Fred Huntington wa Oroville, jimbo la California, nilisita kidogo. Mwaka 1943, risasi za wawindaji zilipoadimika kwa sababu ya vita, bwana huyu aliunda kalibu za kugeuza maganda yaliyokwisha kutumika ya risasi ndogo za .22 yawe magamba ya risasi mpya. Alikusudia kuwinda mnyama mmoja wa miambani wa jamii ya kindi, na jina la mnyama huyo likaingia katika jina la kampuni yake, RCBS. Ni ubunifu wa kweli, na siwezi kuunyima sifa zake. Hata hivyo, ganda ambalo kwetu lilikuwa filimbi, kwake lilikuwa mwanzo wa risasi nyingine. Kitu ni kile kile, ila walioinama kukiokota ni tofauti.

Sheria za kimataifa pia zimewahi kulijadili gamba. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku vitani risasi zinazopanuka au kubapika kwa urahisi mwilini, zikiwemo zile ambazo gamba lake gumu halikifuniki kiini chote. Risasi za aina hiyo zilikuwa zimeundwa katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Kolkata, nchini India. Mabalozi walikutana na kujadili ukamilifu wa kifuniko. Kiini hakikuulizwa kilikuwa kinakwenda wapi.

Wapo watakaoniuliza: kuna faida gani kuipa lugha yetu istilahi za kazi kama hii? Jibu langu ni kwamba lugha isiyoweza kukitaja kitu haiwezi kukishtaki. Askari anapotoa ushahidi mahakamani, daktari anapoandika ripoti ya jeraha, mjane anapoeleza yaliyompata, wote wanahitaji maneno yaliyo wazi. Tukiwaachia maneno ya kuazima, tutakuwa tumewaachia wengine kusimulia misiba yetu.

Tafsiri yetu ilikamilika kwa maneno manne: kalibu kwa chombo, kushindilia kwa tendo, gamba kwa shaba ya nje, na kiini kwa madini ya ndani. Jina la kitu kizima hatukuligusa. Shaba inaweza kung'aa namna gani, na fundi akawa na mikono myepesi kiasi gani, Kiswahili kitaendelea kukiita kwa jina la kile kilichofichwa ndani yake: risasi.