Vyombo vya Chuma Katika Visima vya Titusville

Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, upande wa kaskazini-magharibi, kuna bonde jembamba lililozungukwa na vilima vya misitu. Katikati yake hupita kijito kiitwacho Oil Creek, yaani Kijito cha Mafuta, kinachoteremka mpaka kuingia mto Allegheny. Msafiri atokaye mji mdogo wa Titusville akifuata kijito hicho kuelekea kusini, haendi mbali kabla ya kuona nyumba ya mbao yenye mnara wa mbao. Haina fahari yo yote. Mkulima aionaye kwa mbali aweza kudhani kuwa ni ghala ya mahindi. Hata hivyo watu huijia kutoka nchi nyingi, kwa kuwa imejengwa upya kwa mfano wa ile ya mwaka wa 1859, mahali pale pale Bwana Edwin Drake alipochimba kisima chake cha mafuta.

Wageni wengi hutazama injini ya mvuke na boriti kubwa lipandalo na kushuka. Lakini kazi yenyewe ilifanyika chini, ndani ya tundu jembamba lisiloingia hata bega la mtu. Mambo yote ya kisima cha mafuta yamo katika shida hiyo moja: jinsi ya kufanya kazi mahali ambapo jicho halioni wala mkono haufiki.

Mafuta yalijulikana bondeni tangu zamani. Wenyeji wa kabila la Seneca waliyakusanya juu ya maji ya kijito, wakayatumia kama dawa. Bwana Drake, aliyewahi kuwa kondakta wa gari moshi, alitumwa na kampuni akaja mwaka wa 1858 ili atafute njia ya kuyapata kwa wingi. Watu walimcheka, wakamwona kama mtu aliyerukwa na akili. Yeye hakuwa fundi, lakini alijua kwamba wachimbaji wa visima vya chumvi wana ujuzi anaouhitaji. Basi katika mwaka wa 1859 akamwajiri William Smith, mhunzi aliyezoea kutengeneza vyombo vya visima hivyo. Watu walimwita Mjomba Billy, naye alikuja pamoja na wanawe.

Vyombo vyake vilikuwa rahisi kuvieleza. Mwishoni mwa kamba ilifungwa patasi kubwa ya chuma, na juu yake chuma kirefu cha kuizidishia uzito. Boriti la juu lilipoinuka, kamba ilivuta patasi. Liliposhuka, patasi ilianguka na kuupiga mwamba. Kila mara kamba iligeuzwa kidogo ili tundu liwe la mviringo. Mwamba uliposagika kuwa tope, vyombo vilitolewa, ikashushwa ndoo nyembamba ndefu yenye kifuniko chini. Kifuniko hicho hufunguka tope liingiapo, nacho hujifunga ndoo ivutwapo juu.

Wachimbaji wa chumvi walikuwa na chombo kingine cha akili nyingi. Ni pete mbili ndefu za chuma, zilizoshikana kama pete za mnyororo, nazo huwekwa juu ya patasi. Patasi ikinaswa na mwamba, kuivuta kwa nguvu huenda kukaikata kamba. Lakini pete ya juu ina nafasi ya kupanda bure kabla ya kuigonga ile ya chini. Pigo hilo la ghafula huinasua patasi, kama vile mkulima anavyolitikisa jembe lililonaswa na mzizi badala ya kulivuta tu.

Hata hivyo mambo yalikuwa magumu kwa Bwana Drake. Ardhi karibu na kijito ilikuwa ya mchanga na changarawe, na kila walipochimba maji yaliingia na kuta zikaporomoka. Ndipo alipoamua kutumia bomba la chuma. Vipande vyake, kila kimoja cha futi 10, vilipigiliwa ardhini kwa gogo zito, kimoja juu ya kingine, mpaka vikaufikia mwamba kwenye futi 32. Sasa patasi ilishuka ndani ya bomba, maji na mchanga vikabaki nje. Waliendelea polepole, kadiri ya futi 3 kwa siku. Wakati huo fedha ya kampuni ilikuwa imekwisha, na barua ya kumwamuru Bwana Drake alipe madeni na kufunga kazi ilikuwa njiani.

Siku ya Jumamosi, tarehe 27 Agosti, 1859, tundu lilipofika futi 69 na nusu, patasi iliingia katika ufa wa mwamba. Wakafunga kazi, maana kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Lakini mhunzi hana raha na kazi aliyoiacha nusu. Jumapili Smith alikwenda kuchungulia, akaona kitu cheusi kinaelea karibu na mdomo wa bomba. Kilikuwa mafuta.

Baada ya hapo bonde lilijaa minara, na kila shida ya chini ikazaa chombo chake. Ili maji ya juu yasiteremke kuyafikia mafuta, wachimbaji walifunga mfuko wa ngozi kuzunguka bomba, wakaujaza mbegu za kitani. Mbegu zilipolowa zilivimba, zikaziba nafasi yote kati ya bomba na mwamba. Kila mtu aliyewahi kuloweka maharagwe usiku ataielewa hila hiyo mara moja. Mpaka leo visima vya mafuta na gesi vina vizibo vya namna hiyo, ila sasa ni vya mpira na chuma.

Kisima kisichotoa mafuta chenyewe kilitiwa pampu chini kabisa, yenye vali mbili na ngozi iliyokunjwa kama kikombe. Fimbo ndefu za mti, zilizoungwa moja kwa moja, ziliiunganisha na boriti la juu. Na mafuta yalipopungua, Bwana Edward Roberts alionyesha mwaka wa 1865 jinsi ya kuupasua mwamba: alishusha mkebe wa baruti, akaacha maji juu yake ili nguvu isipotee kwa kupanda, kisha akaulipua.

Kazi iliyohitaji subira kuliko zote ni ile ambayo wachimbaji huiita uvuvi. Kamba ikikatika, vyombo vyote hubaki chini, na kisima hakifai kitu mpaka vitolewe. Hapo fundi hushusha kikombe cha chuma chenye meno ndani, apapase gizani mpaka ameze kichwa cha kilichopotea. Haoni cho chote. Ameshika kamba tu, na mtikisiko wake humweleza kama amegusa mwamba, au tope, au chuma.

Siku hizi visima vingi huchimbwa kwa kekee yenye meno izungukayo, navyo hushuka maelfu ya futi. Hata hivyo shauri la Bwana Drake halijaachwa. Kisima kilichovumbua mafuta Turkana mwaka wa 2012, kile kiitwacho Ngamia 1, ni mjukuu wa kile cha Titusville, kwa kuwa kuta za visima vya leo huzuiwa kwa mabomba ya chuma vivyo hivyo.

Bwana Drake mwenyewe hakutajirika. Hakuomba hati ya serikali ya kulinda shauri lake la bomba, na fedha aliyoipata aliipoteza katika biashara ya hisa za mafuta. Wengine walijenga majumba. Yeye aliishi kwa taabu na ugonjwa, hata mwaka wa 1873 serikali ya jimbo ikamkatia dola 1,500 kwa mwaka. Alifariki mwaka wa 1880, mbali na bonde lile. Miaka mingi baadaye mwili wake uliletwa Titusville, akazikwa kwa heshima.

Kaburini pake pana sanamu ya shaba. Mgeni aweza kutazamia kumwona bwana mwenye koti, ameshika barua za kampuni. Sivyo. Ni mfanyakazi asiye na nguo, amepiga goti, ameinua nyundo juu ya chombo chake, na macho yake yanatazama chini. Wahenga walikwisha kusema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.