Dakika Mbili Kabla ya Daraja

Kazi ya muhula ilikuwa rahisi kuieleza: watu wanne, kamera moja, dakika 2. Tutengeneze mwanzo wa filamu ya kusisimua, zile watu huita thrila. Si filamu nzima, mwanzo tu. Mwalimu alisema anataka afikishwe mahali ambapo hata simu yake ikilia hataipokea, halafu tukate.

Tulikutana kwenye kibanda cha chai nyuma ya chuo. Kabla sijaketi vizuri, wenzangu watatu walikuwa washanigeukia.

"Buda, wewe si ni wa Garissa? Stori iko hapo tayari."

Walikuwa na picha kamili vichwani. Giza la alfajiri. Adhana kwa mbali. Viatu vya kijeshi vinakanyaga changarawe. Mtu amefunika uso. Skrini inakuwa nyeusi, mlio mmoja wa risasi, jina la filamu. Na lazima niseme ukweli: ingefanya kazi. Mwonyeshe mtu wa Nairobi hizo picha nne na simu yake italia mpaka ichoke.

Nikauliza, "Adhana ni ya nini?"

"Ya kuweka hali," akasema msee wa sauti. "Ile ya kutisha kidogo."

Hakuwa na nia mbaya. Ni rafiki yangu, tumegawana chipsi za mfuko mmoja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini mimi adhana ndiyo saa yangu ya kuamka tangu utotoni. Baada yake huja harufu ya canjeero, na mama kugonga mlango akiniita "hooyo", maana kwetu mama humwita mtoto kwa neno lile lile ambalo mtoto humwita yeye. Sikujua jinsi ya kumweleza mtu kwamba kitisho chake ni kiamsha kinywa changu.

Halafu kulikuwa na tarehe ambayo hakuna aliyeitaja pale mezani, ingawa wote tulikuwa tunaizunguka. Aprili 2, 2015. Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Nilikuwa na miaka 12. Nakumbuka helikopta, nakumbuka mama akifunga madirisha kwenye joto lile la Garissa, na baadaye kafyu, mji mzima umelala kabla ya saa moja. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka kaunti za mbali, watu wa umri tulionao sisi sasa. Wana wazazi. Wazazi hao wana simu, na video za wanafunzi husambaa. Sikutaka kupata alama kwa kutumia Aprili 2.

Nikawaambia hivyo. Kimya kidogo. Kisha dada wa kamera akasema, "Sawa, basi lete yako. Una wiki moja."

Nikaanza kwa kutazama. Nilitazama mwanzo wa filamu nyingi, dakika tano tano, hadi bando zikaisha. Mbili zilinikamata.

Ya kwanza ni Touch of Evil ya Orson Welles, ya mwaka 1958. Mkono unatega bomu, unaliweka nyuma ya gari. Halafu kamera haikatwi kwa zaidi ya dakika tatu. Gari linatambaa barabarani, mume na mke wanatembea kando yake, mara liko mbele yao, mara wako mbele yake, mpaka wote wanafika kizuizini, kwenye mpaka wa Mexico na Marekani. Afisa anauliza maswali yake ya kila siku. Mwanamke aliye ndani ya gari analalamika kwamba kuna kitu kinamlia tiki-tiki kichwani. Hakuna anayemjali. Sisi watazamaji peke yetu tunajua.

Hapo ndipo nilielewa alichomweleza Hitchcock mwenzake Truffaut walipohojiana mwaka 1962. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache. Lakini mwonyeshe bomu mapema, kisha waache watu mezani wapige soga, atahangaika kwa dakika 15 nzima.

Ya pili ni Watu Wote ya Katja Benrath. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya wanafunzi, wa Hamburg Media School kule Ujerumani, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar. Inatokana na kisa cha Desemba 21, 2015, basi likielekea Mandera. Washambuliaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Na mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, abiria 28 walikuwa wameuawa kwenye basi lililotoka Mandera. Kwa hiyo wale wa 2015 walipopanda basi walijua. Bomu lilikuwa chini ya meza tangu stendi.

Lakini kisa hicho kishasimuliwa, tena vizuri. Mimi nilihitaji kujua kuna nini chini ya meza kwenye barabara yangu, siku ya kawaida, wakati hakuna kamera ya habari. Nikapanda basi Eastleigh kwenda nyumbani, na daftari.

Nairobi mpaka Garissa ni kilomita zaidi ya 350. Thika, Matuu, Mwingi. Mpaka hapo watu wanaongea, wanakula mahindi, mtoto analia, mtu anabishana na konda kuhusu chenji. Baada ya Ukasi miti inakuwa mifupi na hewa ya dirishani inageuka kuwa ya moto. Nimepita njia hiyo mara nyingi sana, lakini sikuwahi kuandika ninachokiona. Safari hii niliandika, na hivi ndivyo daftari linavyosema: "Karibu na Madogo, mikono yote inaingia mifukoni."

Ndiyo hiyo. Madogo iko ng'ambo hii ya Mto Tana, Garissa iko ile. Katikati kuna daraja, na kwenye njia kuna vizuizi. Hakuna anayetangaza, lakini basi zima linajipekua. Vitambulisho vinatoka kwenye pochi, kwenye sidiria, kwenye kurasa za Kurani ndogo. Mazungumzo yanakatika. Ninayo yangu, iko sawa, haijawahi kuniletea shida, na bado niliigusa mara tatu.

Nyumbani nikamuuliza ayeeyo, bibi yangu, kama zamani pia ilikuwa hivi. Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake, kwenye karatasi ya nailoni, kulikuwa na kadi ya rangi ya waridi. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wasomali wa Kenya wapimwe upya kuona nani ni raia. Waliopita walipewa kadi hizo. Leo haina kazi popote.

"Kwa nini bado umeiweka, ayeeyo?"

"Wakiiuliza tena?"

Hapo tayari nilikuwa na filamu. Na hapo ndipo mambo yakawa magumu, kwa sababu mtu niliyehitaji kuongea naye alikuwa ameketi mita mbili kutoka hapo akirekebisha feni: kaka yangu.

Kaka hana kitambulisho. Ana miaka 27. Mwaka 2011, ule wa ukame mkubwa, mbuzi wetu waliisha, na kama familia nyingi za Wakenya wa Garissa tulifanya kile kilichowezekana: watoto wakaandikishwa kambini Dadaab ili nyumba ipate chakula. Kaka alikuwa na miaka 13. Aliweka vidole kwenye mashine. Mimi nilikuwa na miaka 8 na siku hiyo nilikuwa na homa, nikaachwa kwa ayeeyo. Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, mashine ilimtambua kama mkimbizi. Amezaliwa mji huu, mama yake ana kitambulisho, baba yake alizikwa na kitambulisho. Vidole vikakataa. Miaka yangu 18 ilipofika, mimi nilipata changu bila matatizo.

Kwa hiyo mimi niko Nairobi nasomea filamu kwa sababu ya homa. Hatujawahi kulisema hili nyumbani. Yeye ndiye alinifundisha kusoma.

Februari 2025 Rais alitia sahihi, akiwa Wajir, tangazo la kuondoa upekuzi wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Mtaani kwetu watu walishangilia. Kaka naye alirudi kupanga foleni. Lakini tatizo lake liko kwenye vidole, na bado anangoja.

Nilimpa skripti yangu usiku, stima ikiwa imepotea, akaisoma kwa tochi ya simu. Kijana yuko ndani ya basi. Anatetemeka. Jasho linamtiririka. Anatazama dirishani, anatazama mlangoni, anatazama dirishani. Moyo unadunda kwenye spika.

Akacheka. "Walaal, huyu jamaa wako atashikwa Mwingi."

"Kwa nini?"

"Anatoka jasho. Sisi hatutoki jasho. Ukionekana umeogopa, umekwisha." Akazima tochi kuokoa chaji, akaendelea gizani. "Unanunua maji. Unampa konda salamu, unamuuliza timu yake ilicheza vipi. Unakaa katikati, usikae nyuma, nyuma ndiyo wanaanzia. Halafu ukishaona zile nyumba za Madogo, unalala."

"Unalala?"

"Unajifanya. Mdomo wazi kidogo. Saa zingine wanakuonea huruma, wanapita. Kazi ngumu ni kope. Kope hazitaki kutulia."

Nimesoma vitabu vya uandishi wa skripti na sijaona ushauri unaoukaribia huo.

Kisha akauliza alichokuwa anangoja kuuliza. "Na hii itaonekana wapi?"

Nikasema darasani. Baadaye labda kwenye tamasha la wanafunzi. Labda mtandaoni.

"Kwa hiyo mtu atakuwa anajua mbinu ya kulala."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria mwanga, lenzi, bajeti ya chakula cha waigizaji. Nilikuwa nimewakatalia wenzangu kutumia maiti za watu kama mapambo, nikajiona mtu mzuri, kisha nikaja nyumbani kuchukua mlango wa siri wa kaka yangu mwenyewe ili nimfunge mwalimu kwenye kiti.

Tuliongea mpaka stima iliporudi. Hakusema hapana. Alisema masharti. Uso wake usionekane, sawa. Jina lisitajwe, sawa. Na kuhusu kulala, yeye mwenyewe ndiye aliamua: "Weka. Hiyo wanaijua. Wanajua tunajua. Usiweke ile ya kukaa katikati." (Nikamuomba ruhusa niiandike hapa. Akafikiri, akasema tayari amehamia kiti kingine.)

Nilirudi Nairobi na mpango mpya, wenzangu wakausoma kimya. Daraja lenyewe hatutalipiga picha. Kupiga filamu kunahitaji leseni, na kuelekeza kamera kwa askari darajani ni kutafuta makubwa. Kwa hiyo daraja litakuwa sauti tu: matairi yakiacha lami na kugonga viungo vya daraja, du-du, du-du. Basi litakuwa limeegeshwa. Watu wawili watalitikisa kutoka nje, na mwingine atapitisha kipande cha kadibodi mbele ya taa ili vivuli vikimbie.

Sekunde 10 za kwanza ni mkono ukikunjua karatasi ya kungojea kitambulisho, imekunjwa mara nyingi mpaka inapasuka katikati. Bomu letu ndilo hilo, mtazamaji analiona mapema. Inarudi mfukoni. Halafu dakika nzima ya maisha: maji, konda, mpira, mtoto wa kiti cha mbele anayegeuka kumchungulia. Hakuna muziki. Mikono ya abiria inaanza kuingia mifukoni, mmoja baada ya mwingine. Yeye anafumba macho. Mlango unafunguka. Kamera inabaki kwenye kope zake, zikicheza kidogo, huku nyayo zikisogea. Kwa mbali, adhana ya magharibi kutoka mjini: kwa huyu kijana ni sauti ya nyumbani, iko karibu sana na bado hajavuka. Msee wa sauti ndiye aliyeomba ibaki. Sekunde ya 118, sauti ya mtu: "Kijana." Tunakata.

Tulikubaliana pia kupigia Garissa. Eastleigh ya kwenye Eye in the Sky ilipigiwa Afrika Kusini, na hakuna aliyewashtaki, lakini sisi tuna sababu yetu. Kaka hawezi kuja Nairobi, na mimi sitaki kuongoza hii bila yeye kusimama nyuma ya kamera akisema "hapana, kope".

Nikampigia simu kumpa habari. Mwenye basi amekubali kutuachia Ijumaa moja, baada ya swala, saa nne tu.

"Na baada ya 'kijana', nini kinatokea?" akauliza.

"Hatujui. Kazi ni mwanzo tu."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia feni ile ikizunguka.

"Ijumaa saa ngapi kamili?" akasema. "Nikuje na ile karatasi yangu. Yenu mtaichana vibaya."