Mate Yatosha, au Damu Lazima?

Yapata mwaka mmoja sasa tangu mdogo wangu aitwe tena na wale aliowapa damu. Alidhani wanataka chupa ya pili. Kumbe damu yake ilipopimwa, ilipatikana na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Nyumbani ikawa kama tumefiwa. Mama alimtengea kikombe, sahani na kijiko. Mdogo wangu hakunung'unika. Aliacha tu kula nasi mezani, na hilo ndilo lililoniuma.

Tuliagizwa sote tukapimwe. Mpwa wangu wa miaka minane aliposikia habari za sindano, alijificha chini ya kitanda. Hapo nikakumbuka nilivyowahi kusoma kwamba alama za virusi hivi hupatikana hata kwenye mate. Kijiti chenye pamba hupitishwa kwenye ufizi, basi. Hakuna sindano, hakuna kilio.

"Daktari, mbona tusipimwe mate?" nikauliza.

Alitabasamu. Alieleza kuwa kipimo hicho huwafaa watafiti wanaotaka kujua ugonjwa umeenea kiasi gani shuleni au kijijini. Haja ipo, kwani Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na walio wengi hawakujua. Lakini alama hizo ni haba kwenye mate kuliko kwenye damu, hivyo mwenye virusi vichache aweza kuponyoka.

"Anayehesabu watu elfu moja akiwakosa wachache, atalikadiria pengo hilo," alisema. "Lakini kipimo kikikukosa wewe, utarudi nyumbani na ugonjwa wako."

Na kikombe je? Alitikisa kichwa. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo, chakula wala kukumbatiana. Hupitia kwenye damu, ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Vya kutenga ni wembe na mswaki.

Tulitolewa damu. Mpwa wangu alikuwa amechanjwa akiwa mchanga, kama watoto wanavyochanjwa nchini Kenya tangu 2001. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tulipatikana salama, tukadungwa chanjo mara tatu. Mdogo wangu huenda kliniki ini lake lichunguzwe.

Msomaji, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda ukapimwe damu. Kwetu, Jumapili iliyofuata, Mama alimimina chai, na hakuna aliyejua kikombe kipi ni cha nani.