Nauli ya Mjumbe

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa chama kimoja cha wanafunzi. Hoja iliyonipatia sifa ni ile ya kufuta nauli ya wanakamati. Nilishikilia, kwa maneno mazito ya ujana, kwamba utumishi ni wito na wito haudai ujira. Nilipigiwa makofi. Haikupita miezi miwili, mwenzetu aliyekuwa akipanda matatu mbili kufika mkutanoni akajiuzulu. Barua yake ilikuwa ya sentensi moja.

Sikulifikiria tena jambo hilo hadi majuzi, nilipokuwa nikipekua vitabu visivyohusu tasnifu yangu (kosa ambalo msimamizi wangu amekwisha kulizoea), nikakutana na James Madison. Kabla hajawa rais wa nne wa Marekani, Madison alikuwa mjumbe wa Virginia katika Kongresi iliyoketi Philadelphia wakati wa vita vya uhuru. Kongresi hiyo haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, wala haikuwalipa wajumbe wake. Kila jimbo liliwakimu wa kwake, utaratibu uliothibitishwa na Mkataba wa Shirikisho ulioanza kutumika mwaka 1781. Jimbo likikaukiwa, mjumbe naye hukaukiwa. Isitoshe, noti zilizochapishwa kugharimia vita zilikuwa zimeporomoka kiasi kwamba mwaka 1780 Kongresi yenyewe ilikubali noti 40 kwa dola 1 ya fedha.

Mwaka 1782 pesa za Virginia zilichelewa mno. Madison alimwandikia rafikiye, Edmund Randolph, akakiri kuwa anaokolewa na Haym Salomon, dalali Myahudi mzaliwa wa Poland. Salomon aliwakopesha wajumbe wenye dhiki kutoka mfukoni mwake na kukataa katakata malipo yoyote. Ukarimu huo ndio uliomtia Madison haya kila alipomwendea. Naye, ikumbukwe, alikuwa mwana wa mwenye shamba kubwa lililolimwa na watumwa. Je, asiye na shamba angefikaje Philadelphia, sembuse kukaa?

Katika mkutano wa katiba wa mwaka 1787, Benjamin Franklin, mzee wa miaka 81 aliyejitajirisha zamani, alipendekeza rais asilipwe mshahara. Alisikizwa kwa heshima ya mvi zake, pendekezo likawekwa kando. Nilipolisoma nilijitambua, ila mimi sikuwa hata na mvi. Kuhusu wabunge, katiba iliamua walipwe na hazina ya taifa, na mwaka 1789 malipo yakawa dola 6 kwa siku, pamoja na fedha za safari. Uingereza, waliyojitenga nayo, haikuwalipa wabunge wake mshahara hadi mwaka 1911.

Hivi karibuni nilikutana na yule mwenzetu mjini. Nilimsimulia kisa cha Salomon kwa kirefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina nauli ya kumfikisha kwake. Alicheka. Nilitoa pesa, naye akazipokea.